Msimamizi kaandika "haieleweki" pembeni: nakosea wapi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya umahiri, naandika tasnifu ya isimujamii kwa Kiswahili. Msimamizi wangu amenirudishia sura ya nne mara tatu. Pembeni anaandika "haieleweki" au "lugha!", mara nyingine anapiga mstari mwekundu tu na kuendelea. Nimepitia tahajia yote kamusi ikiwa mkononi, sioni kosa. Nakunukulia sentensi moja aliyoizungushia duara:

"Katika utafiti huu, matokeo ya mbinu ya usaili ambayo ilitumika na mtafiti katika kukusanya data ambayo ilichambuliwa kwa kutumia nadharia ya isimujamii ambayo inahusu uhusiano wa lugha na jamii ambayo inaitumia, yalionesha kuwa, kuna sababu mbalimbali ambazo zinapelekea wanafunzi kuchanganya msimbo na hii inapelekea kushuka kwa umahiri wao."

Ina nini?

Jibu

Marahaba. Nimeisoma sentensi yako kwa sauti, nikaishiwa pumzi kabla sijafika kwenye kitenzi. Nadhani msimamizi wako naye yalimkuta hayohayo, akachoka kueleza, akabaki na kalamu nyekundu.

Tahajia yako haina kosa hata moja. Ila kamusi hukuambia neno linaandikwaje. Haikuambii linashikana mkono na mwenzake yupi. Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, kwa hiyo mwanafunzi wa chuo kikuu hapotezi alama nyingi kwenye herufi. Anazipoteza kwenye viambishi, vile visilabi vya i-, ya-, zi-, u- vinavyomwonesha msomaji kwamba kitenzi hiki ni cha nomino ile. Uzi wa sentensi yetu umepita humo. Ukikatika, msomaji anabaki na rundo la maneno sahihi lisilosema kitu.

Tuihesabu sentensi yako. Ina maneno 48. Kiima chake ni "matokeo", kitenzi chake kikuu ni "yalionesha", na kati yao umepanga maneno 27. Ndani ya hayo 27 mna "ambayo" nne, na vitenzi vinne vinavyoanza na i-: ilitumika, ilichambuliwa, inahusu, inaitumia. Nomino zinazoweza kuvidai vitenzi hivyo ni mbinu, data, nadharia, isimujamii, lugha na jamii. Ni sita, na zote ni za ngeli ya I-ZI.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kidonda kilipo, na sikumbuki mwalimu wangu wa sarufi akinionesha. Istilahi za taaluma katika Kiswahili zimerundikana kwenye ngeli moja. Angalia: nadharia, mbinu, data, sampuli, hojaji, dhana, hoja, mada, sura, jamii, lugha, fasihi, riwaya, tamthilia, historia, taasisi. Nyingi zimetoka Kiarabu, nyingine Kiingereza, na neno la kigeni lisilokuja na sura ya m-, ki- au u- mara nyingi hupewa kiti I-ZI. Mkulima akiandika kuhusu shamba, mti, kisima, ukuta na mbegu, ana ngeli tano tofauti; kila kitenzi kinajua kwao. Wewe mwanaisimu uko kwenye mechi ambayo timu zote mbili, mwamuzi na mshika kibendera wamevaa jezi moja. Upatanisho upo, lakini hautofautishi mtu na mtu.

Mwisho wa kile kishazi chako unaonesha hatari yenyewe: "uhusiano wa lugha na jamii ambayo inaitumia". Wewe ulimaanisha jamii inaitumia lugha. Kisarufi, hakuna kinachomzuia msomaji kuelewa kwamba lugha inaitumia jamii. Tena katika isimujamii kuna watu wangeliona hilo kuwa dai la kuvutia.

Na "ambayo" haikusaidii hata kidogo, kwa sababu ina wenyewe watatu. Inashika umoja wa I-ZI (nadharia ambayo), inashika wingi wa U-I (mifumo ambayo), inashika na wingi wa ma- (matokeo ambayo). "Ambao" nayo ni hivyohivyo: wanafunzi ambao, mtandao ambao, utafiti ambao. Chukua kipande kifupi: "matokeo ya mbinu ambayo watafiti walitumia". Walitumia nini, matokeo au mbinu? Hakuna ajuaye. Sasa itupe "ambayo", kirudishe kirejeshi (ile -yo-) ndani ya kitenzi, kisha ongeza kiambishi cha yambwa, yaani cha kile kinachotendwa. "Matokeo ya mbinu waliyoitumia": imetumiwa mbinu. "Matokeo ya mbinu waliyoyatumia": yametumiwa matokeo. Silabi moja, -i- au -ya-, imemaliza ugomvi. Vivyo hivyo kwa kiima: "matokeo ya mbinu iliyoelezwa" na "matokeo ya mbinu yaliyoelezwa" ni vitu viwili, na msomaji anajua tangu silabi ya kwanza ya kitenzi kwamba unazungumzia kipi. Lugha nyingi zingeona wivu kwa kifaa hiki. Sisi tunacho, na tunakizika chini ya "ambayo".

Sisemi "ambayo" ni haramu. Kitenzi chenye -me- hakipokei kirejeshi ndani yake katika Kiswahili sanifu, kwa hiyo "nadharia ambayo imejadiliwa" haina njia nyingine, labda ubadili njeo, yaani wakati wa kitenzi, useme "iliyojadiliwa". Kanushi za wakati uliopita nazo zinaihitaji: "maswali ambayo hayakujibiwa". Mimi nina desturi moja tu ninapohariri: nikikutana na "ambayo" ya pili ndani ya sentensi ileile, naweka nukta. Fungua faili lako, tafuta "ambayo" kwa kompyuta, uone kila ukurasa una ngapi. Usishtuke sana.

Dawa ya pili ya msongamano wa I-ZI ni kuchagua nomino za ngeli nyingine pale lugha inapokupa nafasi, na inatoa nyingi. "Mkabala" badala ya "mbinu", kama ndio unaoumaanisha. "Kigezo", "kipengele", "mfumo", "tatizo", "swali", "utafiti", "uchambuzi", "usaili". Umeandika "mbinu ya usaili ambayo ilitumika". Ungeandika "usaili uliotumika" pasingekuwa na swali, kwa sababu u- katika mtaa ule hana jirani wa kufanana naye. Hili si pambo, ni kumpa msomaji kamba ya kushika.

Sasa makosa mengine ya sentensi yako, nitayapita kwa mwendo wa haraka zaidi.

"Ilitumika na mtafiti." Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Mlango umefunguka, hatujui nani kaufungua, na kitenzi hakitaki kujua. Ukitaka kumtaja, sema mlango umefunguliwa na fulani. Kwa hiyo ama "usaili ulitumika" ama "usaili ulitumiwa na mtafiti", usichanganye. Katika tasnifu ninazohariri, kosa hili linakuja la pili baada ya "ambayo".

Halafu, mtafiti yupi? Katika sura ya mapitio ya maandiko umetaja watafiti wengi, kila mmoja ni mtafiti. Ukijiita "mtafiti" tu, kuna kurasa ambazo msomaji hatajua kama aliyekwenda uwandani ni wewe au ni yule uliyemnukuu aya iliyotangulia. Idara yako ikiruhusu nafsi ya kwanza, andika "niliwasaili". Isiporuhusu, acha utafiti wenyewe ufanye kazi: "utafiti huu ulichunguza". Au "mtafiti wa tasnifu hii" panapolazimu, ingawa inachosha.

"Kupelekea." Wapo wanaolitetea kwa hoja kwamba limezoeleka. Mimi nalifuta kila ninapolikuta. Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu: mpelekee bibi uji wake. Maana ya kuwa chanzo cha jambo ni sura ya Kiingereza iliyovalishwa kanzu, na hatukuwa na upungufu: tuna kusababisha, kuleta, kuzaa, kuchochea, na lile jepesi kuliko yote, kufanya. "Sababu zinazowafanya wanafunzi wachanganye msimbo" inatosha. Tena "sababu zinazopelekea" ni kusema jambo mara mbili.

"Na hii inapelekea." Hii ipi? Kiingereza kina kiashiria kinachoweza kusimama peke yake na kubeba sentensi nzima iliyotangulia. Chetu hakiwezi, kwa sababu kinazaliwa na ngeli tayari. Ukisema "hii", msomaji anarudi nyuma kutafuta nomino ya I-ZI iliyo karibu, au ya U-I kwa wingi, na kwenye sentensi yako anakutana na msimbo, wanafunzi, sababu. Hakuna anayefaa. Mpe nomino: "hali hii", "jambo hili", "mchanganyo huo". Nakuhakikishia kwamba nusu ya nyakati, ukilazimika kutafuta nomino ya kumpa, utagundua hukuwa na kitu kichwani.

Mkato. Umeweka mkato mbele ya "yalionesha", ukakitenga kiima na kitenzi chake, na umeweka mwingine baada ya "kuwa". Wa pili umeenea hata magazetini. Neno "kuwa" au "kwamba" ni daraja. Ukiweka mkato mwishoni mwake umejenga ukuta katikati ya daraja. Shuleni tulifundishwa kwamba mkato ni mahali pa kupumzika kwa muda mfupi, na mtu mwenye sentensi ya maneno 48 lazima apumzike, basi anaumwaga popote pumzi inapomwishia. Ukiona unahitaji kupumzika kati ya kiima na kitenzi, fupisha safari. Usiongeze vituo.

Nina hisia kuhusu mahali sentensi hii ilikotoka, niambie kama nakosea. Ulisoma makala za Kiingereza, ukaandika muhtasari wa Kiingereza kwenye daftari, halafu ukaugeuza kuwa Kiswahili usiku mmoja kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Sikulaumu. Marejeo mengi ya isimujamii yako kwa Kiingereza, hata yaliyoandikwa kuhusu mazungumzo ya Nairobi na Dar es Salaam. Lakini jaribu hivi: ukimaliza kusoma sehemu, ifunge, mwite mwenzako wa chumbani, mweleze kwa Kiswahili mwandishi anasema nini. Akikuuliza "nani, lugha au jamii?", umepata mhariri wa bure. Andika ulivyomweleza, kisha ndipo urudi kusafisha.

Unaponukuu moja kwa moja kutoka Kiingereza na kutafsiri mwenyewe, sema hivyo, kwa maneno "tafsiri yangu" pamoja na namba ya ukurasa. Bila hivyo unamtia mwandishi maneno kinywani. Na kama idara yenu inafuata mtindo wa APA wa kunukuu na kuorodhesha marejeo, nukuu ya maneno 40 au zaidi hutoka kwenye aya, ikaingizwa ndani bila alama za kunukuu. Ila tafsiri uliyoifanya mwenyewe, APA huihesabu kuwa maelezo kwa maneno yako, si nukuu, kwa hiyo kanuni hiyo ya maneno 40 haiigusi.

Kuwa mwangalifu pia na vitenzi vya kuwaleta watu mezani. "Fulani anadai" ina harufu ya shaka. Anayedai huenda hana ushahidi. "Fulani anabainisha" inaonesha unakubaliana naye. "Fulani anahoji" siku hizi inatumiwa kwa maana ya "anatoa hoja", lakini kwa msomaji wa kawaida kuhoji ni kuuliza maswali, kama polisi au mwandishi wa habari. Andika "anatoa hoja kwamba", ni ndefu kidogo lakini haimpeleki mtu kituoni.

Kuna tabia moja tuliyotoka nayo kwenye insha za sekondari ambayo kwenye tasnifu ni sumu: kuogopa kurudia neno. Tulisifiwa kwa "msamiati mpana". Basi mwanafunzi anaandika "hojaji" kwenye sura ya tatu, "dodoso" kwenye sura ya nne, na kiambatisho kinasema "fomu ya maswali". Mtahini anahesabu zana tatu. Wewe mwenyewe umeandika "kuchanganya msimbo", yaani kuchanganya lugha katika mazungumzo. Ninaomba usije ukaandika "kubadili msimbo" ukurasa wa pili kwa ajili ya ladha, kwa sababu katika taaluma yako wengi huzitenganisha hizo dhana mbili: moja huchukuliwa kuwa ni ndani ya sentensi, nyingine baina ya sentensi. Chagua istilahi, ieleze mara moja, irudie mpaka mwisho bila aibu.

Njeo nayo ina mtego wake. Sura za mwanzo hutoka kwenye pendekezo la utafiti, na pendekezo huandikwa kwa -ta-: utafiti huu utatumia, wahojiwa watateuliwa. Miezi kumi baadaye kazi imeshafanyika, sura zinanakiliwa kwenye tasnifu, na -ta- zinabaki zimelala mle. Nalijua vizuri hili. Siku ya kutetea tasnifu yangu mwenyewe, mtahini mmoja alifungua ukurasa, akavua miwani, akaniuliza kwa upole, "Na hao wahojiwa utawasaili lini?" Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mimi. Tafuta "uta", "ita", "wata" na "zita" kwenye faili, moja baada ya nyingine. Utapata na "utata" njiani, ivumilie.

Maneno yanayotengana na yanayoungana: "kwa hiyo", "kwa sababu" na "kwa kuwa" ni maneno mawili mawili, "ingawa", "ijapokuwa", "isipokuwa", "ilhali" na "mbalimbali" ni neno moja moja. "Wanaisimu" na "mwanafasihi" haziachani. "Asiyekuwa", si "asiye kuwa". "Katika" haikai na -ni: ama "katika darasa" ama "darasani". "Ndio" na "ndiyo" zinafuata ngeli kama ndugu zao wengine, basi wanafunzi ndio, utafiti ndio, nadharia ndiyo, matokeo ndiyo. Kuhusu "onesha" na "onyesha", utaziona zote mbili vitabuni; chagua moja. Na kwa ujumla chagua kamusi moja ya kukuamulia, ama Kamusi ya Kiswahili Sanifu ambayo TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilianza kuichapisha 1981 ama Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ya 2015, umwambie msimamizi wako mapema ni ipi. Hapo mkibishana, mnabishana na kamusi.

Jingine dogo la kompyuta: programu ya kuandikia huona nukta ikadhani sentensi imekwisha. Ukiandika "n.k. lakini", inaikuza l. Zima usahihishaji huo wa kujiendesha, na weka lugha ya matini iwe Kiswahili ikiwa programu yako inayo, vinginevyo ukurasa mzima utajaa mistari myekundu hata kabla ya msimamizi.

Namba: "asilimia 60" au "60%", kamwe si "asilimia 60%". Na kama uliwasaili watu watano, usiniambie asilimia 60 walikubali. Sema watatu kati ya watano.

Sasa turudi kwenye sentensi yako. Ningeiandika hivi:

"Data za utafiti huu zilikusanywa kwa njia ya usaili. Uchambuzi wake uliongozwa na nadharia ya isimujamii inayoeleza jinsi jamii inavyoitumia lugha. Matokeo yalionesha sababu nne zinazowafanya wanafunzi wachanganye msimbo."

Maneno 29, sentensi tatu, hakuna "ambayo". Kila kiima kimekaa karibu na kitenzi chake, na ngeli zinapokezana: zi-, u-, ya-. Nimeandika "nne" kwa kubahatisha, kwa sababu wewe uliandika "mbalimbali". Mbalimbali ni ngapi? Unazo kwenye jedwali lako, zihesabu. Na jina la nadharia lipo, litaje hapo. "Nadharia ya isimujamii" ni kama kumwambia dereva wa bodaboda akupeleke mjini.

Utaona pia kwamba kile kipande cha mwisho, cha umahiri kushuka, sikukiandika. Katika sentensi yako kilikuwa kimejificha mkiani, baada ya "na hii", mahali ambapo msomaji ameshachoka hawezi kuuliza. Nilipozikata sentensi kikabaki peke yake nje, na nikaona kwamba usaili hauwezi kupima umahiri wa mtu. Unaweza tu kupata maoni yake kuuhusu. Kama uliwapa wanafunzi hao jaribio la lugha, kirudishe pamoja na alama zao. Kama ni wasailiwa waliosema wanahisi umahiri wao umeshuka, andika kwamba walisema hivyo, na ni wangapi. Kama hakuna kati ya hayo mawili, nashuku ndipo duara jekundu lilipoanzia.